Gharama za kutengeneza viyoyozi: Mambo ambayo wenye nyumba Pemba wanapaswa kuyajua

Na Mwandishi Wetu, Pemba

UPEPO wa Kaskazi unapoanza kuvuma mwezi wa Desemba, joto na unyevunyevu huwaelemea wakaazi wa Chake Chake, Wete na Mkoani, na hapo ndipo simu za mafundi wa viyoyozi zinapoanza kuita mfululizo.

Kiyoyozi, au AC kama wengi wanavyokiita, kilichokuwa kikipuliza baridi mwaka uliopita sasa kinapuliza upepo wa vuguvugu. Fundi anaitwa, anagusa bomba, anatikisa kichwa, kisha anatamka maneno ambayo yamekwishazoeleka: "Gesi imekwisha."

Mwenye nyumba analipa, gesi inajazwa, chumba kinapoa. Baada ya miezi michache, hali inarudi ilivyokuwa na malipo yanaanza upya.

Makala haya yanaeleza kwa nini maneno hayo mawili ndiyo chanzo cha fedha nyingi zinazopotea katika utengenezaji wa viyoyozi majumbani, na ni mambo gani mwenye nyumba anapaswa kuyauliza kabla hajatoa hata shilingi moja.

Kifaa hiki hakikuwa cha kawaida katika nyumba za Pemba kwa miaka mingi. Hadi mwaka 2010 kisiwa kilitegemea jenereta za dizeli zilizokuwa Wesha, na umeme wake haukuwa wa kutosha wala wa uhakika.

Mwaka huo ndipo ulipozinduliwa waya wa chini ya bahari kutoka Mkoa wa Tanga, wenye urefu wa takriban kilomita 78 na msongo wa kilovolti 33, uliojengwa kwa msaada mkubwa wa Serikali ya Norway. Tangu hapo ikawezekana kwa familia ya kawaida ya mjini kufikiria friji kubwa, pampu ya maji na hatimaye kiyoyozi cha chumbani.

Umeme ulipofika, vifaa vikafuata. Elimu ya kuvitunza, hata hivyo, haikuenda kwa kasi hiyo hiyo, na pengo hilo ndilo linalomgharimu mwenye nyumba hivi leo.

Gesi haiishi, inavuja

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba gesi ya kiyoyozi haitumiki ikamalizika kama mafuta ya taa kwenye jiko. Gesi hiyo huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa pande zote.

Kompresa iliyo katika sehemu ya nje huibana gesi hadi ikawa ya moto. Gesi hupita katika mabomba ya nje, feni ikaipunguzia joto, ikageuka kuwa kimiminika. Kimiminika hicho kikifika sehemu ya ndani hufunguka, huchemka kwa baridi na kufyonza joto la chumbani, kisha hurudi nje kuanza safari upya.

Katika mzunguko huo hakuna tone linalotakiwa kupotea. Kiyoyozi kilichofungwa vizuri kinaweza kufanya kazi miaka kumi au zaidi kwa gesi ile ile iliyotoka nayo kiwandani.

Kwa hiyo, fundi anaposema gesi imepungua, anachokisema kwa hakika ni kwamba kuna tundu. Kuongeza gesi bila ya kulitafuta tundu ni sawa na kujaza maji katika ndoo iliyotoboka. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika kiyoyozi ukuta huo ni kompresa.

Sababu yake ni kwamba gesi inayorudi kutoka ndani ndiyo inayoipoza kompresa, na mwendo wake ndio unaoirudisha mafuta ya kulainishia. Gesi ikipungua, kompresa hufanya kazi ikiwa na joto kali na mafuta haba. Ikiendelea hivyo msimu mzima huungua, na hicho ndicho kipuri cha bei kubwa kuliko vyote katika kifaa hicho.

Chumvi ya bahari na viungo vya mabomba

Pemba imezungukwa na bahari, na hewa yake hubeba chumvi. Chumvi hiyo hutua juu ya mapezi membamba ya alumini katika sehemu ya nje, ikachanganyika na unyevu na kuyala taratibu. Kiyoyozi kilichofungwa kwenye ukuta unaotazama bahari huchakaa mapema kuliko kile kilichofungwa upande wa pili wa nyumba hiyo hiyo.

Hata hivyo, tundu mara nyingi halipo mbali. Sehemu zinazovuja zaidi ni pale mabomba ya shaba yanapofungwa kwa nati kwenye sehemu ya ndani na ya nje. Mdomo wa bomba ukitanuliwa vibaya siku ya kufunga, au nati ikikazwa kupita kiasi, gesi hutoka kidogo kidogo kwa miezi kadhaa.

Alama yake ni rahisi kuiona. Mafuta husafiri pamoja na gesi, hivyo kiungo kinachovuja huwa na doa la mafuta lililoshika vumbi. Mwenye nyumba anaweza kumwonesha fundi doa hilo na kumwomba aanzie hapo.

Kutengeneza uvujaji kwa njia iliyo sahihi kuna hatua zake, na kila hatua ina gharama yake. Kwanza, gesi iliyobaki hukusanywa. Pili, mfumo hujazwa naitrojeni kavu na viungo hupakwa povu la sabuni ili tundu lijulikane. Oksijeni haitumiki kabisa kwa kazi hii, kwani ikikutana na mafuta ya kompresa inaweza kulipuka.

Tatu, tundu huzibwa, ama kwa kuutanua upya mdomo wa bomba au kwa kuchomelea. Nne, hewa na unyevu hunyonywa kwa pampu maalumu. Tano, gesi huingizwa kwa kupimwa kwenye mizani, kulingana na uzito ulioandikwa katika kibao kilichobandikwa sehemu ya nje. Kwa viyoyozi vidogo vya nyumbani uzito huo mara nyingi hauzidi sana kilo moja.

Fundi anayetoza bei ndogo kwa kuziruka hatua hizo hajampunguzia mwenye nyumba gharama. Amemwahirishia tu, na rahisi huvunja upishi.

Si kila kasoro ni gesi

Kabla ya kuzungumza habari ya gesi, yapo mambo mepesi yanayostahili kutazamwa, na baadhi yake hayahitaji fundi.

La kwanza ni chujio la hewa katika sehemu ya ndani. Likiziba kwa vumbi, hewa haipiti, chumba hakipoi, na mabomba ya ndani yanaweza kuganda barafu. Barafu hiyo huwafanya wengi waamini kwamba gesi ina hitilafu, kumbe dawa yake ni maji safi, sabuni kidogo na dakika kumi za kuosha.

La pili ni bomba la kutolea maji. Kiyoyozi kinachodondosha maji ukutani mara nyingi bomba lake limeziba kwa utando au wadudu, wala hakijaharibika.

La tatu ni uchafu wa sehemu ya nje. Mapezi yakijaa vumbi, chumvi na majani, joto halipati pa kutokea, na kompresa hufanya kazi bila ya kupumzika.

Hasara yake inaweza kuhesabiwa. Tuchukue kiyoyozi cha BTU 12,000 cha aina ya zamani kinachotumia takriban kilowati 1.2. Kikiwa safi, kompresa hupumzika, tuseme, theluthi moja ya muda. Kwa saa nane za usiku kitatumia uniti 6.4. Kikiwa kichafu kisipumzike kabisa, kitatumia uniti 9.6.

Tofauti ni uniti 3.2 kwa usiku mmoja, sawa na uniti 96 kwa mwezi wa siku 30. Mwenye nyumba azidishe idadi hiyo kwa bei anayonunulia umeme wa Tukuza, kisha alinganishe na malipo ya fundi wa kusafisha. Huenda akagundua kuwa analipa matengenezo kila mwezi bila ya kutengenezewa chochote.

Ipo pia njia nyepesi ya kukipima kiyoyozi. Baada ya kukiwasha kwa robo saa, pima kwa kipimajoto hewa inayoingia juu ya sehemu ya ndani na ile inayotoka chini. Kwa kawaida tofauti huwa kati ya nyuzi 8 na 12 za Selsiasi. Ikiwa ni nyuzi tatu au nne tu wakati chujio ni safi, hapo ndipo pa kumwita fundi.

Umeme unaopanda na kushuka

Kundi la pili la hitilafu linatokana na umeme. Umeme wa majumbani hutakiwa kuwa karibu na volti 230. Ukishuka sana, kompresa huvuta mkondo mkubwa na kupata joto. Ukirudi kwa kishindo baada ya kukatika, vifaa vya kielektroniki huathirika.

Kipuri kinachokufa mara nyingi katika mazingira hayo ni kapasita, kile kikopo kidogo kinachoisaidia kompresa na feni kuanza kuzunguka. Dalili yake ni mashine ya nje kunguruma bila ya kuwaka, au feni kusimama hadi isukumwe. Kapasita ni miongoni mwa vipuri vya bei nafuu kabisa.

Hapa ndipo mwenye nyumba anapopaswa kuwa macho. Kompresa isiyowaka kwa sababu ya kapasita inaweza kutajwa kuwa imekufa, na bili ikawa kubwa mara nyingi zaidi. Kabla ya kukubali kununua kompresa, mwombe fundi aipime kapasita kwa mita mbele yako, kisha azipime nyaya za kompresa yenyewe.

Viyoyozi vipya vya aina ya inveta, ambavyo hubadilisha kasi ya kompresa badala ya kuizima na kuiwasha, hutumia umeme mdogo. Lakini bodi zake za kielektroniki ni ghali na hazivumilii umeme mbaya. Anayenunua inveta bila ya kifaa cha kulinda umeme anaweza kulipa kwenye bodi kile alichokiokoa kwenye uniti.

Kifaa kizuri cha kulinda ni kile kinachokata umeme ukipanda au kushuka kupita kiasi, na kinachosubiri dakika tatu hivi kabla ya kuuruhusu tena. Muda huo huiwezesha presha ya gesi kusawazika ili kompresa isianze kwa kulazimishwa.

Jina la gesi na sababu ya bei kupanda

Mwenye nyumba anapaswa pia kujua kiyoyozi chake kinatumia gesi gani. Viyoyozi vya zamani vingi hutumia R-22. Vilivyofuata hutumia R-410A, na vingi vya sasa hutumia R-32.

R-22 huharibu tabaka la ozoni linaloikinga dunia na miale mikali ya jua. Chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1993, nchi zinazoendelea zilikubali kupunguza matumizi ya kundi hilo la gesi hatua kwa hatua: asilimia 10 ifikapo mwaka 2015, asilimia 35 mwaka 2020, asilimia 67.5 mwaka 2025, na kuanzia mwaka 2030 kibaki kiasi kidogo tu cha kuhudumia mitambo iliyopo.

Maana yake kwa mwenye nyumba ni nyepesi: gesi hiyo inazidi kuadimika, na kiyoyozi cha R-22 kinachovuja kitazidi kuwa mzigo kila mwaka.

Gesi hizi hazichanganywi wala hazibadilishwi kiholela. R-410A ina presha kubwa kuliko R-22 kwa zaidi ya nusu, hivyo kuiingiza katika mashine ya zamani ni hatari. R-32 inaweza kushika moto katika mazingira fulani, na fundi wake anapaswa kuwa amefundishwa. Hatari zaidi ni kuingiza gesi ya kupikia katika mashine isiyotengenezwa kwa ajili yake. Atakayependekeza hivyo kwa sababu ya urahisi wa bei, akataliwe mlangoni.

Bili inajengwa na nini

Bili ya matengenezo ina sehemu nne: nauli na muda wa fundi kufika, kazi ya kutafuta kasoro, bei ya kipuri au gesi, na kazi ya kufunga. Mwenye nyumba anayelipa jumla moja bila ya mchanganuo hawezi kujua alichokinunua.

Kwa Pemba ipo sehemu ya tano, nayo ni bahari. Kipuri kisichopatikana Chake Chake husubiriwa kutoka Unguja au Dar es Salaam. Kikija kisichofaa, gharama ya usafiri hulipwa mara mbili, na familia hulala na joto wiki nzima zaidi.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kuagiza chochote, piga picha ya kibao cha sehemu ya ndani na cha sehemu ya nje, pamoja na maandishi ya kipuri chenyewe. Picha hizo zitumwe kwa muuzaji kabla ya fedha.

Njia nyengine ya kupunguza gharama ni majirani kuungana. Fundi anayetoka Chake Chake kwenda Konde kwa ajili ya nyumba moja atatoza safari nzima. Akihudumia nyumba nne kwa siku moja, safari hiyo hugawanywa.

Masuali ya kumuuliza fundi ni machache. Kasoro ni ipi, na umeijuaje? Kama ni gesi, tundu liko wapi? Una pampu ya kunyonya hewa na mizani? Kipuri cha zamani nitakabidhiwa? Kazi yako ina dhamana ya muda gani? Fundi mwenye ujuzi hachukizwi na masuali hayo, kwani ndiyo yanayomtofautisha na mbabaishaji.

Kutengeneza au kununua kipya

Wakati mwengine jibu sahihi ni kuachana na mashine. Kanuni inayotumiwa na wengi ni hii: ikiwa kiyoyozi kimezidi miaka kumi na matengenezo yatagharimu zaidi ya nusu ya bei ya kipya, fedha hizo ziwekwe akiba ya kununua kipya.

Kompresa iliyoungua katika mashine ya R-22 ni mfano wa wazi. Hata ikibadilishwa, masalia ya mafuta yaliyoungua hubaki ndani ya mabomba na yanaweza kuiharibu kompresa mpya iwapo mfumo hautasafishwa ipasavyo.

Aidha, viyoyozi vilivyotumika kutoka nje vinahitaji tahadhari. Bei yake huvutia, lakini umri wake haujulikani, gesi yake huenda ni ile inayoondoshwa sokoni, na mabomba yake yamekwishakatwa na kufungwa zaidi ya mara moja.

Anayenunua kifaa kipya adai risiti na karatasi ya dhamana, na aulize iwapo dhamana hiyo inaheshimiwa Pemba au ni lazima kifaa kivushwe hadi Unguja. Dhamana inayomtaka mnunuzi agharamie boti si dhamana kamili. Mnunuzi aliyedhulumiwa anaweza kupeleka malalamiko yake kwa Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar, na risiti ndiyo ushahidi wake wa kwanza.

Matunzo kwa kufuata misimu

Gharama ndogo kuliko zote ni ile ya kuzuia. Chujio lioshwe kila baada ya wiki mbili hadi nne wakati kiyoyozi kinapotumika kila siku.

Kabla ya Kaskazi kushika kasi, fundi aitwe kwa usafi kamili wa ndani na nje, wakati hana foleni. Kwa nyumba zilizo karibu na bahari, sehemu ya nje ioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi mara kwa mara, umeme ukiwa umezimwa kwenye swichi kuu, na maji yasirushwe kwa nguvu kwani mapezi hupinda.

Wakati wa Kusi, usiku unapokuwa wa baridi, kiyoyozi kipumzishwe, lakini kiwashwe kwa muda mfupi kila baada ya wiki kadhaa ili mafuta ya kompresa yazunguke.

Nyumba nayo ina mchango wake. Paa la bati lisilo na dari hukilazimisha kiyoyozi kupambana na jua moja kwa moja. Dari, pazia zito upande wa magharibi, na mlango unaofungika sawasawa huipunguzia kompresa kazi. Kipimo cha nyuzi 25 au 26 kinatosha kulala vizuri; kuweka nyuzi 16 hakukifanyi chumba kipoe haraka, kunaizuia tu kompresa kupumzika.

Mwaka huu basi, Kaskazi itakapoingia na fundi akasema gesi imekwisha, mwenye nyumba asitie mkono mfukoni kwanza. Aulize imetokea wapi, na asilipe hadi aoneshwe.